Wananipa elfu nne wachukue kadi ya hospitali. Nitie sahihi?

Mama,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Migosi, na kwa miaka 7 nimekuwa karani wa stoo katika kampuni ya kusambaza bidhaa hapa mjini. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 48,000. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, yuko jua kali pale Kibuye. Siku nyingine analeta 2,000, siku nyingine anarudi na uchovu tu.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutano. Meneja alisema bima ya matibabu ambayo kampuni imekuwa ikitulipia imepanda bei na hawataendelea nayo mwaka huu. Badala yake kila mfanyakazi ataongezwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Akatuuliza, "Nyote mnakatwa pesa za SHA, bima ya afya ya serikali. Bima mbili za nini?" Tukapewa fomu za kutia sahihi, mwisho Ijumaa ijayo.

Wenzangu wengi walipiga makofi, hasa vijana ambao hawajaoa. Nami karibu nipige, kwa sababu tuna mkopo wa Sacco unaotukaba. Lakini kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 9, ana selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu. Huku kwetu ugonjwa huu si mgeni, kila ukoo una hadithi yake. Anameza haidroksiurea kila siku na kliniki hatukosi. Mwaka jana maumivu yalimshika mara mbili hadi akalazwa, na mara ya pili akaongezewa damu. Nilitoa kadi tu, sikuulizwa pesa.

Mhasibu, ambaye tunasali naye kanisa moja, aliniambia pembeni kwamba bima ya familia yangu inaigharimu kampuni 74,000 kwa mwaka.

Jambo lingine linaloniuma ni hili la SHA. Nakatwa 1,320 kila mwezi na sijawahi kuona faida yake, kwa kuwa mimi hutumia kadi ya kampuni. Askari wa lango letu analipwa 15,000, anakatwa kama mia nne hivi, na eti tunatibiwa sawa. Mume wangu hajajiandikisha kabisa. Anasema serikali imeshakula upande wangu, haitakula na wake.

Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anasema tuchukue pesa. Shemeji yangu aliye Minnesota alinipigia simu akanisihi nisiiachilie bima ya kazini hata nikipewa dhahabu. Sijui nimsikilize nani. Na nikikataa peke yangu, si nitaonekana mchochezi?

Mama wa Watatu, Migosi.

*

Mwanangu,

Usitie sahihi Ijumaa. Nitakueleza kwa nini, na nianze na hesabu, kwa sababu zile elfu nne hazitakufikia zikiwa elfu nne.

Kwa kila shilingi 4,000 utakayoongezwa, SHA itachukua asilimia 2.75, yaani 110. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 60. NSSF ni asilimia 6, yaani 240, na hizo angalau ni akiba yako ya uzeeni. Zinabaki 3,590. Kwa mshahara kama wako, nyongeza yote inaangukia kwenye daraja la kodi la asilimia 30, kwa hiyo PAYE, yaani kodi ya mshahara, inachukua 1,077. Mkononi unapata 2,513. Zidisha kwa miezi 12, ni 30,156.

Sasa iweke karibu na zile 74,000 alizokutajia mhasibu. Bima ambayo mwajiri anawalipia wafanyakazi wake wa kudumu haihesabiwi kuwa mapato ya kutozwa kodi. Yote 74,000 inakwenda kwenye bima yenu, haikatwi hata senti. Wewe unaombwa uachilie 74,000 upate 30,156. Ili nyongeza iingize 74,000 mfukoni mwako kwa mwaka, ingebidi iwe karibu 9,800 kwa mwezi.

Simwiti meneja wako mwizi. Akikuongeza 4,000, naye analazimika kuongeza 240 za NSSF na 60 za nyumba kwa upande wake, kwa hiyo utamgharimu 51,600 kwa mwaka. Anaokoa 22,400 kwako wewe mmoja. Bei za bima zinapanda kweli na huenda biashara imembana. Lakini mzigo aliokuwa amebeba anautua kichwani mwako, na anautua huku mkipiga makofi.

Nataka uelewe jambo hili vizuri, maana ndilo litakalokupa sauti katika mkutano unaofuata. Ile bima haikuwa zawadi. Uliifanyia kazi. Kila mwaka kampuni ilipopanga bajeti, ilijua karani wa stoo anagharimu mshahara pamoja na bima, na pengine ndiyo sababu mshahara wenyewe haukupanda haraka. Zile 74,000 ni ujira wako uliopitia njia nyingine. Mtu akitaka kuubadilisha uwe fedha taslimu, abadilishe kwa thamani yake.

Shemeji yako wa Minnesota ana sababu ya kuogopa, ila hofu yake imetoka katika historia ya kule. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ya Marekani ilizuia waajiri kupandisha mishahara ovyo. Bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara, kwa hiyo kampuni zikaanza kuitoa ili kuvuta wafanyakazi. Vita viliisha, mazoea yakabaki. Hadi leo Mmarekani akifutwa kazi anaweza kupoteza kazi na daktari wake siku hiyo hiyo. Sisi hatuko huko, ingawa kadi yako ya kampuni ina ugonjwa huo huo. Kadi hiyo ni ya kazi, si yako. Siku utakayotoka kwa lango lile kwa mara ya mwisho, inakufa.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kuhusu SHA, na nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, umekuwa ukiitumia bila kujua. Mtoto akilazwa kwa kadi ya kampuni, kwa kawaida hospitali hudai sehemu ya SHA kwanza, kisha bima ya kampuni hulipa kinachobaki. Toa ile bili ya mwaka jana uisome mstari kwa mstari. Wanaokwenda na kadi ya kampuni bila kuwa na SHA iliyo hai mara nyingi huambiwa walipe sehemu hiyo kutoka mfukoni.

Pili, huyo askari. Chini ya NHIF, bima ya serikali iliyoitangulia SHA, mtu wa mshahara wa 15,000 alikuwa akikatwa 600. Tangu SHA ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 anakatwa kama 412. Wewe ulikuwa ukikatwa 1,100 na sasa ni 1,320. Anayelipwa 200,000 alikuwa akikatwa 1,700, sasa anatoa 5,500. Zamani mchango ulikuwa na dari, mkubwa akifika 1,700 anasimama. Sasa dari imeondolewa. Unaona inavyoelekea? Mwenye kingi anatoa kingi, na wote wanaingia mlango mmoja. Mimi naiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote, hata nikijua jinsi utekelezaji ulivyotutesa. Mwaka ambao mtoto wako aliongezewa damu, kuna watu waliochanga na hawakuugua hata mafua. Pesa zao hazikupotea. Ziliingia kwenye mishipa ya mtoto.

Kinachonikera mimi ni kingine. Katika NSSF mwajiri anachangia sawa na wewe. Katika ushuru wa nyumba anachangia sawa na wewe. Katika SHA hachangii chochote, kazi yake ni kukukata na kupeleka. Meneja anaposema "mna SHA," anakuelekeza kwenye mfuko ambao yeye kama mwajiri hajatia hata shilingi. Kama tunataka matibabu kwa wote, huo ni mlango ambao Bunge lingepaswa kuubisha. Na serikali nayo ina deni. Mwaka 2001 huko Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi hatujafika hapo.

Nyinyi wa Kisumu mnajua kuliko watu wengi tofauti ya ahadi na fedha. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja huko kwenu kuzindua majaribio ya afya kwa wote, katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma. Watu walifurika, wakiwemo waliokuwa wamekaa na maradhi nyumbani kwa miaka kwa kukosa ada. Hilo peke yake linaonyesha kiu iliyokuwapo. Lakini wagonjwa wakiongezeka, dawa na wauguzi wasipoongezeka, rafu za famasia hubaki tupu, na mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue nje. Matibabu yasiyolipiwa mlangoni lazima yalipiwe mahali pengine, mapema, na watu wengi.

Kwa hiyo SHA ni yako na uishike. Lakini je, inatosha peke yake kwa mvulana wako? Kwa leo, hapana. Matibabu ya kawaida bila kulazwa yanalipiwa zaidi kwenye zahanati na vituo vya afya. Akilazwa, SHA inalipa kiwango kilichopangwa. Mfano unaojulikana na akina mama wote ni uzazi: 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi ya kiwango, salio ni lenu. Katika hospitali ya umma pengo huwa dogo, ila unajua foleni, na unajua mtoto mwenye maumivu ya selimundu hawezi kungojea foleni.

Usijidanganye pia kwamba utazichukua zile 2,513 ununue bima yako binafsi. Kampuni inaponunua bima ya kundi, mara nyingi wafanyakazi na watoto wao wanapokewa kama walivyo, mgonjwa na mzima. Ukienda peke yako, ukurasa wa kwanza wa fomu unauliza ana ugonjwa gani. Ukijaza selimundu, mara nyingi utaambiwa ungoje kwa muda kabla ya ugonjwa huo kulipiwa, au bei ipande, au ugonjwa wenyewe uachwe nje. Vijana waliopiga makofi hawajui hili kwa sababu hawajawahi kuulizwa swali hilo. Waeleze. Wao pia watakuwa na watoto.

Sasa Ijumaa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema masharti ya kazi yakibadilishwa, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na mabadiliko yaandikwe. Fomu ya kutia sahihi haraka haraka baada ya mkutano mmoja si mashauriano. Usiende peke yako, hapo ndipo mtu huitwa mchochezi. Keti na watu wanne au watano, hasa walio na wagonjwa nyumbani, na wale wenye watoto wengi. Pigeni hesabu hii kila mmoja kwa mshahara wake. Kisha andikeni barua moja, ya heshima, mkiomba wiki mbili zaidi na mkiuliza kampuni inalipa jumla ya kiasi gani. Usimtaje mhasibu. Alikuamini.

Mkikaa na meneja, msiende na "hapana" tupu. Mwambieni kuna njia ya katikati: kampuni ibaki na bima ya kulazwa na ya magonjwa ya kudumu, na ipunguze ile ya homa na kikohozi, ambayo ndiyo huliwa kila wiki na kupandisha bei. Zahanati zipo kwa ajili ya hayo. Binafsi naona hapa ndipo mtakapokubaliana.

Ikishindikana kabisa, na wengi wakitaka pesa, basi mambo mawili msiyaachie. Kiasi kikaribie gharama halisi ya bima. Na kiingie kwenye mshahara wa msingi, kisiitwe marupurupu. Marupurupu huondolewa kwa memo moja, tena mara nyingi ni mshahara wa msingi ndio unaotazamwa likizo na malipo ya kupunguzwa kazini yanapohesabiwa. Muombe pia kadi za zamani zisizimwe kabla ya mwisho wa mwezi, ili mtoto asikatikiwe na dawa. (Ukiangukiwa na katoni stoo, hayo hayahusiki hapa. Majeraha ya kazini ni mzigo wa mwajiri chini ya sheria ya fidia ya 2007, awe na bima ya familia au asiwe nayo.)

Nina jambo moja la mwisho, na hili nimelipitia. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja Nakuru, nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi. Mume wangu alilazwa siku 11. Kila mwezi karatasi yangu ya mshahara ilionyesha nimekatwa NHIF. Siku ya kuruhusiwa, msichana wa dirishani aliangalia kompyuta akaniambia kwa upole kwamba michango yangu haikufika kwa miezi mitano. Niliyekuwa nikiwatetea wengine nilisimama pale nikiwa na mfuko wa nguo chafu mkononi, sina la kusema. Tulichangisha ukoo mzima ndipo akatoka. Mwajiri alilipa baadaye, baada ya barua tatu, lakini usiku ule wa ziada wodini, mume wangu akiwa amepona na hawezi kwenda nyumbani, sijausahau.

Kwa hiyo karatasi ya mshahara si ushahidi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha mchango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Baada ya tarehe hiyo hakikisha mwenyewe kwenye simu, kila mwezi. Kukata pesa ya mfanyakazi bila kuipeleka ni kosa chini ya sheria, na ofisi ya leba Kisumu ipo.

Na mume wako anakosea kuhusu kitu kimoja kinachoweza kumuumiza. Kwa kuwa hajaajiriwa na wewe unakatwa, mchango wako unamlinda yeye pamoja na watoto walio chini ya miaka 21, au 25 wakiwa bado shuleni. Lakini lazima awe ameandikishwa na kuunganishwa na akaunti yako, na watoto pia. Mtu anayechomelea vyuma kutwa, cheche machoni na umeme miguuni, amekuwa akitembea bila kinga ambayo mkewe ameshailipia. Usimgombeze. Leo jioni akishakula, chukua kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bonyezeni *147# mkiwa pamoja, muone ni majina ya nani yamo na ni ya nani hayamo.